Tusiisahau pamba katika Maji Maji

Mhariri,

Vita vya Maji Maji (1905–1907) dhidi ya Wajerumani vikielezwa, dawa ya mganga Kinjikitile, iliyodaiwa kugeuza risasi kuwa maji, hutangulia na pamba husahaulika. Si haki. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, tangu 1897, iliwasukuma watu kutafuta rupia. Mwaka 1902 Gavana Götzen akaanzisha mashamba ya pamba ya lazima, chini ya maakida na majumbe, yaani watawala wa ngazi ya chini waliowatumikia Wajerumani. Palizi na mavuno yake yaligongana na ya chakula, na ujira ulikuwa kiduchu mno hata wengine wakaukataa. Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa miche ya pamba. Jeshi likajibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mazao yaliyosimama shambani. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Vitabu vya shule viieleze kuwa silaha ya vita, si ukame.

Msomaji,
Lindi