Wanangu mnaosomea sheria, msiiweke Ushahidi mwisho

Wanangu wa mwaka wa kwanza na wa pili hapa Nairobi,

Salamu kwanza. Juzi kwenye matatu ya Parklands nimesikia wawili wenu mkipangana nani anachukua nini semesta ijayo, na kitu kimoja kikanichoma, ati Sheria ya Ushahidi ni ngumu wacha ikae hadi mwaka wa nne. Jameni, nawaomba kama mama yenu, msifanye hivyo.

Mimi nilifanya. Alafu likizo ndefu nikaenda atachimenti, yale mazoezi ya kazi ya mwanafunzi, nikakaa benchi la nyuma kortini Makadara, kesi ya wizi, shahidi akaanza "jirani aliniambia alimwona huyu akitoka na redio", wakili akasimama akapinga, hakimu akakubali, maneno yakatupwa nje, kesi ikageuka hapo hapo na mimi nimeshika kalamu sijui niandike nini. Jinai nilikuwa nimepita vizuri tu, vipengele vya wizi navijua kama sala, lakini sikujua kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi kinataka shahidi aseme alichoona ama kusikia yeye mwenyewe. Ile aibu ya kukaa pale kama mgeni sijaisahau.

Kwa hivyo ukimaliza Jinai shika Ushahidi, kabla ya atachimenti ikiwezekana. Kozi za lazima ziko 16 na hutakwepa hata moja, shida ni kama utakutana nayo ukiwa na nguvu ama tasnifu ishakumaliza.

Hizo zingine angalia tu gani inaegemea gani. Mikataba itangulie biashara na sheria ya kazi, si ajira ni mkataba kwanza. Ardhi nayo isiachane na Ekwiti, kozi inayofundisha amana, yaani mali mtu anayoishika kwa niaba ya wengine, hapa kwetu unapata shamba liko kwa jina la kaka mkubwa na ndugu wote wanasema aliwashikia tu, na Mahakama ya Juu mwaka 2018 ilisema amana ya kimila kama hiyo inalindwa hata kama haijaandikwa kwenye rejista. Kama hujasoma amana utaona hati ya shamba useme kesi imeisha, na kumbe kuna mama na watoto wanafukuzwa kwao.

Za hiari ziwekeni mwisho, ukishajua moyo wako uko wapi. Ukifika shule ya sheria kule Karen, unakosomea uwakili baada ya digrii, kuna mitihani 9, na hizi kozi za msingi wanachukulia ushazijua.

Kama ushaiahirisha Ushahidi, nenda ofisi ya kitivo wiki hii uulize kama bado inabadilishwa. Na asubuhi moja pita Milimani ama Makadara, korti iko wazi kwa kila mtu, ukae nyuma umsikize shahidi mmoja akihojiwa mpaka ashuke kizimbani.

Ni mimi mama yenu, wakili.