Kura za 1964 zisomwe kwa majimbo, si kwa jina la chama peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hoja mbili ambazo hurudi katika kurasa za maoni kila Marekani inapokaribia uchaguzi. Ya kwanza inasema Democratic ndicho chama cha utumwa, na kwamba Warepublican ndio waliowakomboa watu weusi na kuwapa haki za kiraia. Ya pili hutolewa kuijibu ya kwanza: vyama hivyo vilibadilishana nafasi mwaka 1964, kwa hiyo ya kale hayahusu. Zote mbili zina ukweli wa kutosha kumteka msomaji, na zote mbili haziwezi kusimama ukifungua kumbukumbu za kura.

Nianze na takwimu inayopendwa kuliko zote. Tarehe 10 Februari 1964, Baraza la Wawakilishi, moja ya nyumba mbili za Bunge la Marekani, lilipitisha muswada wa Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi kazini na katika sehemu za umma, kwa kura 290 dhidi ya 130. Kwa Warepublican, 138 waliunga mkono na 34 walipinga, yaani asilimia 80 waliafiki. Kwa Wademocrat, 152 waliunga mkono na 96 walipinga, yaani asilimia 61. Hesabu hizo ni sahihi. Tatizo ni kwamba anayezinukuu huishia hapo.

Chukua kura hizo hizo uzigawe mafungu mawili: majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga mwaka 1861 kulinda utumwa, na majimbo mengine yote. Nje ya Kusini, Wademocrat walipiga 145 kwa 9, asilimia 94. Warepublican wa huko walipiga 138 kwa 24, asilimia 85. Huko Kusini, Wademocrat walikuwa 7 kwa 87. Warepublican wa Kusini walikuwa kumi tu, na wote kumi walipinga. Kwa hiyo katika kila fungu Wademocrat waliunga mkono kwa kiwango kikubwa zaidi, lakini ukijumlisha, Warepublican wanaonekana mbele. Sababu ni moja: kati ya wabunge 104 wa Kusini waliopiga kura siku ile, 94 walikuwa Wademocrat. Upinzani wa Kusini nzima uliangukia hesabu ya chama kimoja.

Seneti, nyumba ya pili ya Bunge, ilikuwa vilevile. Tarehe 19 Juni muswada ulipita kwa 73 dhidi ya 27. Kusini, Mdemocrat mmoja tu, Ralph Yarborough wa Texas, aliunga mkono na wenzake 20 wakapinga. Mrepublican pekee wa Kusini, John Tower, naye wa Texas, akapinga. Nje ya Kusini, Wademocrat walikuwa 45 kwa 1, Warepublican 27 kwa 5. Kilichotabiri kura ya mtu mwaka ule kilikuwa jimbo alikotoka.

Nadhani msomaji wa Tanzania hupotea hapa kwa sababu anapima kwa vipimo vya nyumbani. Kwetu, kwa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge anayeacha au kupoteza uanachama wa chama chake amepoteza kiti, kwa hiyo wabunge wa chama kimoja hupiga kura karibu kama mtu mmoja. Marekani hakuna kitu kama hicho. Strom Thurmond, seneta wa South Carolina, alihama Democratic kwenda Republican Septemba 1964, katikati ya muhula wake, na akabaki kitini. Chama hakikuwa na fimbo ya kumchapa aliyeasi, ndiyo maana ndani ya Democratic moja walikaa Hubert Humphrey, aliyeusimamia muswada ule katika Seneti, na Richard Russell wa Georgia, aliyeongoza jeshi la kuuzuia.

Kuuzuia kwenyewe kulifanywa kwa kanuni. Mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni katika Baraza la Wawakilishi alikuwa Howard Smith, Mdemocrat wa Virginia, na muswada usiopangiwa ratiba na kamati yake haufiki ukumbini. Alikubali kuufungulia njia pale tu wabunge walipoanza kukusanya saini 218 za kuuondoa mikononi mwake kwa nguvu. Seneti, Kamati ya Sheria ilikuwa ya James Eastland wa Mississippi, naye Mdemocrat. Kiongozi wa walio wengi, Mike Mansfield, aliikwepa kamati hiyo akaupeleka muswada moja kwa moja kwenye orodha ya Seneti. Kisha zikaanza hotuba za kuvuta muda. Kanuni ya wakati ule ilitaka theluthi mbili ya wanaopiga kura ili mjadala ufungwe, yaani 67 iwapo wote 100 wapo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni, Robert Byrd wa West Virginia, Mdemocrat, alizungumza zaidi ya saa 14. Siku hiyo hiyo kura ya kufunga mjadala ilipita, 71 kwa 29. Clair Engle wa California, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na hawezi tena kusema, aliingizwa kwa kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa akainua mkono akagusa jicho, kura ya ndiyo ikaandikwa.

Kati ya kura hizo 71, Wademocrat walikuwa 44. Bila Warepublican 27 waliokusanywa na kiongozi wao, Everett Dirksen wa Illinois, sheria hiyo ingefia Seneti kama nyingine nyingi kabla yake. Sifa hiyo ni yao na haiondoki kwa sababu ya yaliyofuata. Ila na yaliyofuata nayo yasemwe: mmoja wa Warepublican sita waliopinga alikuwa Barry Goldwater wa Arizona, na Julai mwaka huo huo chama chake kikamteua kugombea urais. Alishinda majimbo sita tu: la kwake, na Mississippi, Alabama, Louisiana, Georgia na South Carolina. Mississippi ilimpa asilimia 87.

Sasa turudi nyuma, maana hoja ya kwanza hujivunia karne ya 19, na huko ina nguvu zaidi. Chama cha Republican kilizaliwa mwaka 1854 kwa hasira dhidi ya Sheria ya Kansas na Nebraska, iliyosukumwa na Mdemocrat Stephen Douglas na ambayo ilifuta mpaka wa mwaka 1820 uliozuia utumwa kuenea kaskazini. (Si habari ya mbali nasi: kitambaa cha merikani kilichojaa Unguja miaka ya 1840 na 1850 kilifumwa katika viwanda vya New England kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini hiyo hiyo.) Lakini ilani ya Republican ya mwaka 1860 haikuahidi kukomesha utumwa pale ulipokuwepo; iliahidi kuuzuia usiingie maeneo mapya. Tangazo la Rais Abraham Lincoln, Mrepublican, la kuwaachia huru watumwa, la tarehe 1 Januari 1863, nalo liligusa sehemu zilizokuwa katika uasi tu. Watumwa wa Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo yaliyobaki upande wa serikali, hawakuguswa.

Kilichomaliza utumwa kisheria ni Marekebisho ya 13 ya Katiba. Juni 1864 yalianguka katika Baraza la Wawakilishi kwa 93 dhidi ya 65, kwa kuwa theluthi mbili haikutimia na Wademocrat karibu wote walipinga. Tarehe 31 Januari 1865 yakarudishwa na kupita, 119 kwa 56. Piga hesabu: waliopiga kura ni 175, theluthi mbili ni 117, kwa hiyo zilizidi kura mbili. Zilitoka kwa Wademocrat wachache waliogeuka, baadhi yao wakiwa tayari wameshindwa uchaguzi wa Novemba na hawana cha kupoteza. Baada ya hapo, Marekebisho ya 14 na ya 15, ya uraia na ya haki ya kupiga kura, yalipita Bungeni bila kura hata moja ya Mdemocrat. Hili halina utetezi. Na weusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani, Hiram Revels wa Mississippi na Joseph Rainey wa South Carolina, wote mwaka 1870, walikuwa Warepublican.

Sehemu inayorukwa na pande zote mbili ni ile kati ya 1877 na 1936.

Mwaka 1877, ili Mrepublican Rutherford Hayes aingie Ikulu baada ya uchaguzi uliogombaniwa, askari wa serikali kuu waliokuwa wakilinda serikali za Republican huko South Carolina na Louisiana walirudishwa kambini. Mwaka 1890 Henry Cabot Lodge, Mrepublican wa Massachusetts, aliandika muswada wa kuweka wasimamizi wa serikali kuu katika chaguzi za wabunge. Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa 155 dhidi ya 149. Seneti, yenye Warepublican wengi, ikauweka kando Januari 1891, kwa sababu maseneta wa Republican wa majimbo ya magharibi yenye machimbo ya fedha waliungana na Wademocrat wa Kusini. Walijali zaidi sarafu ya fedha kuliko kura ya mtu mweusi.

Mwaka huo huo wa 1890 Mississippi iliandika katiba mpya, na Wademocrat waliotawala mkutano ule walijua kwamba Marekebisho ya 15 yanakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Kwa hiyo rangi haikutajwa popote kwenye masharti ya kupiga kura. Mpiga kura alitakiwa awe ameishi miaka miwili jimboni na mwaka mmoja katika eneo lake la uchaguzi. Mkulima wa nusu kwa nusu, anayelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno na anayehama shamba kila mwisho wa msimu, hapo ametoka. Alitakiwa awe amelipa kodi ya kura ya dola 2 kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, na kulipa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Kisha alitakiwa asome kifungu cha katiba, au akisomewa aweze kukieleza, na aliyechagua kifungu na kuamua kama maelezo yanatosha ni karani wa uandikishaji. Mzungu asiyejua kusoma alipewa sentensi moja nyepesi. Mwalimu mweusi alipewa kifungu kigumu, na jibu lolote alilotoa halikutosha. Majimbo mengine yakanakili. Louisiana mwaka 1898 iliongeza kifungu cha babu: asamehewe masharti yule ambaye yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867, siku ambayo hakuna mweusi wa Louisiana aliyekuwa nayo. Jimbo hilo lilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 walioandikishwa mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

Matokeo yake ndiyo yanayoeleza ule ukuta wa 1964. Kusini ikawa ya chama kimoja. Aliyeshinda kura za maoni za Democratic ameshinda kila kitu, na huko Texas kura hizo za maoni zilikuwa za wazungu peke yao mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipozibatilisha mwaka 1944. Mbunge asiye na mpinzani hukaa miaka mingi, na uenyekiti wa kamati ulitolewa kwa aliyekaa miaka mingi. Smith na Eastland walipatikana hivyo. Muswada wa Leonidas Dyer, Mrepublican wa Missouri, wa kupambana na mauaji ya kunyonga watu bila hukumu ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 1922 kwa 231 dhidi ya 119, ukaishia kwenye hotuba za Wademocrat wa Kusini katika Seneti. Sheria ya aina hiyo ilisainiwa Machi 2022, miaka mia baadaye.

Hapo ndipo hoja ya pili nayo huharibika. Wapiga kura weusi wa miji ya Kaskazini hawakusubiri 1964. Mwaka 1934 Arthur Mitchell wa Chicago, mweusi wa kwanza kuingia Bungeni kwa tiketi ya Democratic, alimwangusha Oscar De Priest, mweusi Mrepublican. Mwaka 1936 takriban asilimia 71 ya kura za weusi zilikwenda kwa Rais Franklin Roosevelt, Mdemocrat, kwa sababu ya ajira na chakula zaidi ya haki za kiraia. Julai 1948 Wademocrat wa Kusini walijitoa kwa kuchukia msimamo wa chama chao kuhusu haki za kiraia na kumsimamisha Thurmond kugombea urais, akachukua majimbo manne; mwezi huo huo Rais Harry Truman, Mdemocrat, aliamuru ubaguzi jeshini ukome.

Na wazungu wa Kusini hawakuhama siku moja. Kati ya maseneta 21 wa Democratic waliopinga sheria ya 1964, Thurmond peke yake ndiye aliyehamia Republican. Eastland alibaki Mdemocrat na mwenyekiti wa kamati yake hadi alipostaafu mwaka 1978. Georgia ilichagua gavana wake wa kwanza wa Republican tangu karne ya 19 mwaka 2002, na bunge la jimbo la Alabama likageuka mwaka 2010. Viongozi wa Republican waliwafuata wapiga kura hao kwa makusudi. Mwaka 2005 mwenyekiti wa chama hicho, Ken Mehlman, alikiri hadharani mbele ya NAACP, jumuiya kongwe ya kutetea haki za weusi, kwamba lilikuwa kosa.

Kwa anayetaka kuvipima vyama vya leo, zipo kura za karibuni zaidi. Mwaka 2006 Seneti ilihuisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 kwa 98 bila mpinzani, na Rais George W. Bush akasaini. Juni 2013 Mahakama Kuu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilifuta orodha ya majimbo yaliyolazimika kuomba kibali kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi; watano hao waliteuliwa na marais wa Republican, wale wanne na wa Democratic. Agosti 2021 muswada wa kuirejesha kinga hiyo ulipita Baraza la Wawakilishi kwa 219 dhidi ya 212 bila kura ya Mrepublican yeyote, na Novemba ukakwama Seneti, ambako Mrepublican mmoja tu, Lisa Murkowski wa Alaska, aliunga mkono ujadiliwe.

Mwalimu wa historia,
Morogoro