Cheti kisichokuwepo

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini. Nimelisoma gazeti lako miaka kumi na moja nikikasirika kimyakimya, kama inavyompasa mtu mwenye kazi. Lakini ile habari yenu ya juma lililopita imenishinda, ile yenye picha ya watu waliovaa beji shingoni na kichwa kinachosema wauzaji wadogo wa nje "wawezeshwa" kukidhi kanuni za kemikali za Ulaya. Nilikuwemo ukumbini. Ni yule wa mstari wa tatu kutoka nyuma anayeonekana kama amesinzia. Sikusinzia. Niliinama kuhesabu slaidi zilizobaki.

Mwandishi wenu anasema tulielimishwa kwa kina kuhusu REACH, yaani hiyo sheria ya Ulaya ya kemikali. Kina kilikuwepo, ila kisima hakikuwa chetu. Kwa saa tatu tulifundishwa usajili: kwamba sheria hiyo ilianza kutumika Juni 2007, kwamba kemikali inayotengenezwa au kuingizwa Umoja wa Ulaya kwa tani moja au zaidi kwa mwaka sharti isajiliwe kwa wakala wao ulioko Helsinki, kwamba mtengenezaji wa nje anaweza kuteua mwakilishi pekee wa kumfanyia kazi hiyo. Yote kweli. Lakini sisi tuliokaa pale tulikuwa washona mikanda, wafua vidani, wafinyanzi, na mama mmoja wa midoli ya mbao. Hatuuzi kemikali, tunauza vitu. Na kitu kilichokwisha kutengenezwa hakidaiwi usajili ila kama kimeundwa makusudi kitoe kemikali, kama kifutio cha penseli chenye marashi. Mkanda wangu hautoi kitu makusudi. Unanukia ngozi, lakini hilo aulizwe ng'ombe.

Yale yanayotuhusu, yaani viwango vya sumu ndani ya bidhaa na ile orodha ya kemikali zinazotiliwa shaka kubwa, iliyoanza 2008 na majina 15 na sasa imepita 200, yalipewa dakika kumi kabla ya chai. Chai ilikuwa nzuri, mwandishi wenu hakukosea hapo.

Sasa nikueleze kilichonipata, maana ndicho kinachonifanya niandike. Mnunuzi mmoja wa Ulaya aliagiza mikanda 400. Karani wake akanitumia fomu ya kurasa 14, na juu kabisa ameandika: tuma cheti cha REACH. Nikahangaika. Nikampata mtaalamu mwelekezi, naye akaniuzia cheti chenye mhuri, mistari ya dhahabu na nyota za kutosha kuangaza usiku. Nikakituma kwa fahari. Baada ya siku nne ofisi nyingine ya mnunuzi yuleyule ikanijibu kwamba karatasi hiyo haina maana, kwa kuwa hakuna mamlaka yoyote inayotoa cheti cha REACH kwa mkanda. Karani ameomba kitu kisichokuwepo, mtaalamu ameniuzia kitu kisichokuwepo, na mimi nimelipa pesa zilizokuwepo. Ofisi ile ilitaka mambo mawili tu: kipimo cha kromiamu ya sita, ile aina ya kromiamu yenye sumu, kwenye ngozi, na tamko kuhusu bizimu. Nikapeleka ngozi maabara, ikapimwa, kromiamu ya sita haikuonekana. Nikapakia, nikashukuru. Mikanda ikakaa ndani ya kontena wiki kadhaa kwenye joto, ikafika, mnunuzi naye akapima kwake, kromiamu ya sita ikakutwa imezidi kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango chenyewe ni miligramu 3 kwa kilo ya ngozi, tangu Mei 2015, kwa kila ngozi inayogusa mwili wa mtu. Mikanda yote 400 ikateketezwa, na gharama za kuteketeza nikaletewa mimi. Nikapiga simu maabara nikifoka. Akapokea bibi mmoja, akaniacha nifoke hadi nikamaliza, kisha akanieleza kwa dakika tano kitu ambacho hakuna semina iliyowahi kuniambia: ngozi iliyotiwa dawa ya kromiamu huwa na kromiamu ya tatu, ambayo haina ubaya huo, lakini joto, jua na mafuta mabaya ya kulainishia huweza kuigeuza ikawa ya sita hata baada ya ngozi kutoka kiwandani. Kwa hiyo sampuli haipimwi ikiwa mbichi tu. Huwekwa kwanza kwenye oveni ya nyuzi 80 kwa saa 24, izeeshwe, ndipo ipimwe. "Mbona hukuomba izeeshwe?" akaniuliza. Ningeombaje, Mhariri? Ningeombaje jambo ambalo sikujua kama lina jina?

Bizimu nalo lilikuwa na yake. Ni la shaba ya njano, na shaba hiyo mara nyingi hutiwa madini ya risasi ili ichongeke kwa urahisi. Risasi iliingia kwenye ile orodha Juni 2018, na ikizidi asilimia 0.1 ya uzito mwagizaji hudaiwa taarifa hiyo, naye hukudai wewe. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu kwa uzito wa mkanda mzima, nikajiona salama. Kumbe mahakama yao ilishaamua mwaka 2015 kwamba kila kipande kinahesabiwa peke yake: bizimu ni bizimu, hata likishonewa kwenye ngozi ya tembo. Hili nalo alinieleza bibi yuleyule, katika dakika ya sita, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi.

Na nikiwa hapohapo, hawa wauza rangi za ngozi. Karatasi ya usalama wa kemikali ina sehemu 16, na ya tatu ndiyo inayopaswa kutaja kilichomo. Niliyoletewa mimi, sehemu ya tatu imeandikwa "siri ya biashara", basi. Nikimuuliza muuzaji kama rangi yake ni ya zile za jamii ya azo, ambazo baadhi huachia kemikali ziitwazo amini zilizopigwa marufuku, ananijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Kikiharibika kitu huko mbele, mwenye jina kwenye boksi ni mimi. Yeye atakuwa anamuuzia mwingine.

Nyinyi wenyewe hamjanawa mikono. Ukurasa uleule wa habari ya semina, chini kulia, kuna tangazo la mtu anayeuza "cheti cha REACH ndani ya saa 48". Sijui nani alipanga ukurasa huo. Kama alikuwa anatania, mpandisheni cheo.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyelitamka ukumbini: sheria yenyewe haimshiki muuzaji aliye nje ya Ulaya. Inamshika mwagizaji. Ndiye anayewajibika kwa wakaguzi wa kwao, na mlaji akimuuliza kama kitu kina kemikali ya orodha ile anatakiwa ajibu ndani ya siku 45. Hofu hiyo anaikunja ndani ya fomu ya kurasa 14 na kutusukumia sisi. Simlaumu sana. Lakini aliyepewa pesa za kutusaidia angeanza kwa kutufundisha kuijibu fomu: swali hili si lako, andika halihusiki, hili ni lako, pima, hili karani amekosea, mrudishie kwa adabu.

Wakuu wa semina wakiniuliza dawa, ninayo. Ile projekta ifungiwe stoo mwaka mmoja na ufunguo apewe mlinzi asiyewajua. Pesa za beji, mikoba na picha ya pamoja zikodi meza moja, simu moja, na mtu mmoja wa aina ya yule bibi wa maabara, akae pale Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, asome barua pepe tunazoletewa na wanunuzi. Mbele yake pawe na faili moja tu, lenye majina ya wauza rangi na mabizimu wanaokubali kujaza sehemu ya tatu. Likiwa na kurasa mbili tu, na iwe hivyo. Tutajua tulipo. Asiruhusiwe kutoa cheti cha aina yoyote, hata cha kuhudhuria.

Cha kwangu cha kuhudhuria ninacho, kimepigwa mhuri. Beji nayo ninayo. Kamba yake imara, naifungia funguo za karakana. Ina kibizimu kidogo cha rangi ya dhahabu ambacho sijakipeleka kupimwa.

Fundi wa mikanda,
mstari wa tatu kutoka nyuma