Harufu ya udi haibebwi na kasi ya molekuli

Mhariri,

Katika makala ya sayansi mliyoichapisha wiki iliyopita, mwandishi alieleza kwamba harufu ya udi unaofukizwa sebuleni hufika chumbani upesi kwa sababu molekuli za gesi huenda kasi mno. Maelezo hayo huyasikia pia kwa wanafunzi wangu wa kidato cha sita, tena wale hodari, nayo ni makosa.

Kasi yenyewe haina ubishi: katika nyuzi 27 za Selsiasi, molekuli za naitrojeni huenda kwa wastani wa takriban mita 500 kwa sekunde. Lakini mwaka 1858 Buys Ballot, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi, alihoji nadharia ya mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius kwamba molekuli za gesi huenda kwa kasi kubwa namna hiyo: kama ndivyo, mbona moshi wa tumbaku hutanda chumbani kwa muda mrefu bila kutawanyika? Clausius alijibu mwaka huo huo kwamba molekuli haifiki mbali kabla ya kugongana na nyingine. Katika hewa ya kawaida umbali huo ni kama milimita 0.00007 tu, na kila mgongano huigeuza ikaelekea kwingine.

Ndiyo maana muda wa kusambaa hukua kwa mraba wa umbali. Kwa molekuli nzito za manukato, kigezo cha usambaaji hewani ni takriban sentimita mraba 0.05 kwa sekunde. Tukitumia kanuni ya x² = 2Dt (x ni umbali, D ni kigezo hicho, t ni muda), sentimita 10 zitachukua sekunde 1,000, yaani kama dakika 17, ilhali mita 5 zitachukua mara 2,500 ya muda huo, takriban siku 29. Udi uliofukizwa siku ya harusi ungenukia chumba cha pili fungate imekwisha!

Kinachoifikisha harufu ni mkondo wa hewa: makaa ya chetezo huipasha joto ikapanda, mlango hufunguliwa, mtu hupita.

Anayetaka kuona usambaaji wenyewe achukue bomba la kioo la mita moja, aweke pamba yenye amonia upande mmoja na yenye asidi ya haidrokloriki upande wa pili, kisha azibe ncha zote mbili. Molekuli za amonia huzidi mita 600 kwa sekunde, lakini pete nyeupe, inayotokea pale gesi hizo mbili zinapokutana, hujitokeza baada ya dakika kadhaa, karibu zaidi na asidi, ambayo molekuli zake ni nzito. Naomba makala ijayo ianzie kwenye bomba hilo, chetezo kibaki sebuleni.

Mwalimu wa fizikia,
Tanga