Barua ya wazi: Mheshimiwa, viroba vyetu vimerudi baharini

Mheshimiwa,

Shikamoo. Kwa umri ilikuwa uniamkie wewe, lakini cheo nacho kina umri wake. Jina lako na ofisi yako sivitaji. Unajijua, na watu wa Sahare wanakujua.

Leo Ijumaa nakuandikia kanga ikiwa bado mbichi ya maji ya chumvi. Usiku wa kuamkia leo maji ya bamvu yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mivinje, yakaondoka na viroba vya taka tulivyovipanga pale. Vilikuwa 41. Tulivijaza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, watu kumi na tisa, migongo imepinda tangu alfajiri hadi jua la utosi. Siku sita vikangoja gari. Niliposhuka na tochi ya simu nikavikuta vinaelea midomo wazi, kimoja kimenasa kwenye kamba ya nanga ya ngalawa, kinatapika kandambili moja moja. Nimewahi kuvuta saba.

"Nyie kusanyeni tu, gari ni juu yangu." Maneno yako hayo, tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira. Nilisimama karibu nawe kiasi cha kuona karatasi ya bei bado imeganda kwenye mpini wa reki uliyoshika. Picha ilitoka nzuri, hongera. Safari hii Jumatatu nikakupigia, gari lina pancha. Jumanne, pancha ile ile. Jumatano dereva yuko msibani, nami nikatoa pole. Jana simu iliita mpaka ikachoka.

Wapo wanaosema taka hizi tunaletewa na kusi kutoka mbali. Nyingine huenda. Ila pempasi iliyokunjwa na kubanwa vizuri hivi imesafiri kutoka wapi? Mimi naushuku mtaro: mvua ikipiga mjini, kesho yake ufukwe umevaa chupa. Rambo kweli zimepungua tangu zilipopigwa marufuku 1 Juni 2019, nakiri, maana faini ya kuanzia 30,000 si mchezo. Lakini pengo lake limezibwa na vile vifuko vyepesi vya ubuyu na karanga. Chupa afadhali, zina watu wanaozinunua kwa kilo. Kandambili ya mguu mmoja anainunua nani?

Na tusisahau tuna hifadhi ya bahari hapa hapa Tanga, iliyotangazwa 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka zamani za kale hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Amevumilia mamilioni ya miaka, maskini, aje ashindwe na pancha.

Viroba tulichangishana, mia tano mia tano. Glavu ni zangu, jozi mbili tunapokezana. Mwezi wa tatu chupa ilinichana kisigino, nikachomwa sindano ya pepopunda kwa pesa yangu, na siku nne sikukaanga hata kibua kimoja. Wateja wakikaa wanageuzia bahari mgongo, kwa harufu. Ada ya taka nalipa, risiti zote nimezifunga raba bendi, njoo uzihesabu. Na leo kijana mmoja aliyeokota nami tangu mwanzo kaniuliza, "Bibi, kwani tunaokota ili iweje?" Nikajifanya nageuza samaki.

Siombi semina. Fulana zenye maandishi msilete tena. Ninazo tatu, nafutia meza. Kamati nayo iacheni. Naomba gari, Mheshimiwa. Tipa likikosekana, hata guta, litakwenda na kurudi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tunashuka tena, wachache watakaokubali. Gari lije siku hiyo hiyo, si Jumatatu, maana bahari haisubiri Jumatatu. Saa sita mchana viroba vitakuwa juu barabarani na tutavipakia wenyewe, dereva asiguse kitu. Akipotea aulize kwa Bibi wa vibua, sahani yake ya bure nitaifunika.

Gari tu, Mheshimiwa. Jumamosi.

Ni mimi,
mkaanga samaki chini ya mivinje, Sahare, Tanga