Wasimamizi wa lugha za programu watupatie aina moja ya soketi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaosimamia lugha za programu, pamoja na wenzangu tunaoziandikia viendelezi, yaani vipande vya msimbo vinavyoiongezea lugha uwezo, kwa lugha ya C, kuhusu tatizo linalowasumbua watumiaji wengi bila wao kujua linakotoka. Mtu anachukua kiendelezi cha mtandao kinachofanya kazi vizuri kwenye Linux, anakikompaili (anakigeuza kuwa msimbo wa mashine) kwenye Windows, kompaila inakipitisha, kisha programu inaganda au inakata mawasiliano bila sababu ya kuonekana. Lawama hupewa mtandao au seva, ilhali kasoro imo ndani ya kiendelezi chenyewe, pale kinapokutana na mfumo wa uendeshaji.

Soketi, yaani ncha ambayo programu huitumia kutuma na kupokea data mtandaoni, kwa namna tunayoitumia leo zilienea kupitia 4.2BSD, toleo la Unix (mfumo ambao Linux inaufuata) lililotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Huko soketi ni namba ndogo kama ya faili lolote lililofunguliwa, na husomwa, huandikiwa na kufungwa kwa amri zile zile za faili. Windows ilipopata Winsock, maktaba yake ya soketi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, majina ya vitendakazi kama socket, bind, connect na select yalibaki vile vile, lakini kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kingine kabisa. Soketi ya Windows ni kishikio, yaani thamani ambayo mfumo hukupa ili kukitambulisha kitu ulichokifungua, nacho kina aina yake, SOCKET. Hufungwa kwa closesocket, si kwa close. Kosa lake huulizwa kwa WSAGetLastError, si kwa kusoma errno, mahali ambapo C huweka namba ya kosa. Na hakuna soketi inayofunguka kabla WSAStartup, kitendakazi cha kuiandaa Winsock, haijaitwa. Kufanana huku kwa majina ndiko kunakotuponza, kwa sababu majina yangekuwa tofauti, kompaila ingemsimamisha mwandishi siku ile ile ya kwanza.

Tazama mstari mmoja ambao karibu kila mwandishi wa C ameuandika: if (s < 0). Kwenye Unix mstari huo ni sahihi, kwa kuwa soketi iliyoshindikana hurudi ikiwa -1. Kwenye Windows aina ya SOCKET haina namba hasi, hivyo sharti hilo halitimii kamwe, na kiendelezi huendelea na soketi isiyokuwepo kana kwamba kila kitu ni salama. Kosa litajitokeza baadaye, mbali na mstari uliolizaa, likiwa na ujumbe usiomsaidia mtu.

Select, kitendakazi kinachopewa seti za soketi na kungoja hadi mojawapo iwe tayari, nayo ina mtego ambao huwanasa hata waangalifu. Kwenye Linux seti ya select ni safu ya biti, na soketi yenye namba 1024 au zaidi huandika nje ya safu hiyo na kuharibu kumbukumbu. Mwandishi makini huweka ukaguzi wa kukataa namba yoyote isiyo chini ya FD_SETSIZE, yaani ukomo wa seti hiyo. Kwenye Windows seti hiyo ni orodha ya vishikio, FD_SETSIZE ya kawaida ni 64, nayo huhesabu idadi ya soketi zilizomo, wala haihusiani na thamani ya kishikio. Kwa hiyo ukaguzi ule ule uliowekwa kwa nia njema hukataa soketi isiyo na kasoro yoyote kwa sababu tu kishikio chake ni, tuseme, 300. Hapa hakuna uzembe wa mtu. Kuna taarifa ambayo mwandishi hakupewa.

Hali ni hiyo hiyo kwa muunganisho usiosubiri, yaani ule ambao programu huuanzisha na kuendelea na kazi bila kungoja ukamilike. Unix hujibu EINPROGRESS, Windows hujibu WSAEWOULDBLOCK, yaani 10035. Na muunganisho ukishindikana, select ya Windows huutangaza katika seti ya tatu, ile ya hali zisizo za kawaida, ambayo wengi wetu huiacha tupu, kwa hiyo programu hubaki ikisubiri jibu ambalo lilishatolewa mahali isipotazama. WSAPoll, iliyoletwa kufanana na poll ya Unix inayofanya kazi kama ya select, haikutangaza kushindikana huko hadi Windows 10 toleo la 2004. Sitaki hata kurefusha habari ya SO_REUSEADDR, chaguo la soketi la kuruhusu anwani kutumiwa tena, ambayo kwenye Windows inaweza kuiruhusu programu nyingine kujifunga kwenye bandari (namba ya mlango wa mtandao) ambayo tayari inatumiwa na seva yako, jambo ambalo kwangu ni la usalama na si la urahisi wa kuhamisha msimbo.

Lugha zenyewe hazijakubaliana. Kwenye Windows, fileno, njia ya kuuliza namba ya soketi, katika Python hukupa kishikio halisi cha mfumo, lakini ya Ruby hukupa namba ya faili ya maktaba ya C, ambayo lazima igeuzwe kwanza ndipo ikabidhiwe maktaba nyingine. Python ina aina iitwayo SOCKET_T, lakini imewekwa ndani ya moduli yake ya soketi, nje ya faili za vichwa (zile zinazotangaza aina na vitendakazi vya C) ambazo mwandishi wa kiendelezi anaruhusiwa kuzitegemea. Kile anachopewa rasmi, PyObject_AsFileDescriptor, hurudisha int, yaani namba nzima ya kawaida ya C. PHP imefanya vizuri zaidi kwa kuweka php_socket_t na php_socket_errno mahali ambapo viendelezi vinavifikia. Nje ya lugha, libcurl, maktaba ya kuhamisha data mtandaoni, imetangaza hadharani curl_socket_t na CURL_SOCKET_BAD, na mtumiaji wake halazimiki kujua yuko kwenye mfumo gani.

Nitajibiwa kwamba kishikio cha Windows hutosha katika biti 32, kwa hiyo int haimdhuru mtu. Hata tukikubali hivyo, ukubwa ndio sehemu ndogo ya tatizo. Alama ya hasi, namna ya kufunga na namna ya kusoma makosa haziponi kwa hoja hiyo. Nitaambiwa pia nitumie libuv, maktaba inayoficha tofauti za mifumo, iliyoandikwa kwa ajili ya Node.js, nami naiheshimu sana. Hata hivyo kiendelezi kinachofunika maktaba ya mtu mwingine, kwa mfano ya hifadhidata, hupokea soketi ambayo tayari imefunguliwa na maktaba hiyo, na hakina uhuru wa kuchagua nani aifungue.

Ninachoomba kwa wasimamizi wa lugha ni kidogo: katika faili za vichwa zilizo rasmi waweke aina ya soketi, jaribio la kujua kama ni halali, kitendakazi cha kuifunga, na kitendakazi cha kusoma kosa la mwisho la mtandao, kisha waandike wazi kama namba wanayoitoa kwa mtumiaji ni kishikio cha mfumo au ni namba ya faili. Nasi waandishi tusitoe toleo lolote kabla ya kulijaribu kwenye Linux, macOS na Windows, na majaribio hayo yasiishie kwenye muunganisho uliofanikiwa. Yawepo la kuunganisha kwenye bandari isiyo na msikilizaji, la upande wa pili kukata mawasiliano katikati ya kutuma, na la kufungua soketi zaidi ya 64 kwa wakati mmoja.

Wako,
Mwandishi wa viendelezi