Kupatanisha si kugawana hasara

Mhariri,

Ukizuka mgogoro kazini juu ya nani amwongoze nani, kijana akipewa wazee, mwanamke akipewa wanaume, mgeni akipewa wenyeji, dawa ni ileile: mnaitwa ofisini, mnapeana mikono, mnaambiwa yaishe. Nimepeana mikono hiyo mara nyingi. Hayakuisha.

Nilikuwa karani wa ghala. Tukaletewa msimamizi, binti wa rika la mwanangu wa pili. Mtunza stoo wetu mkongwe akagoma kusaini daftari lake. Wengine wakasema mzee anadharau wanawake, wengine binti ana kiburi cha cheti. Ofisi ya utumishi ikakata katikati: mzee asaini siku za mzigo mkubwa tu, binti naye apunguze ukaguzi. Wote wawili walitoka wamenuna.

Aliyeutatua ni dereva wa foklifti, tena kwa kuuliza tu. Kumbe mzee hakuwa na ugomvi na daftari. Kilichomuuma ni kusahihishwa mbele ya vibarua aliowafundisha kazi mwenyewe. Na binti shida yake haikuwa saini, ilikuwa hesabu ya mzigo kabla ya saa sita, maana wakubwa walimbana yeye. Tangu hapo makosa yakawa yanasemwa na wao wawili, mezani, kabla ya zamu. Hesabu ikawa inafika saa tano.

Mary Parker Follett, mwandishi Mmarekani wa mambo ya uongozi kazini, alilieleza hili mwaka 1925 kwa kisa cha maktaba: mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua la chumba cha pili. Mmoja alihitaji hewa, mwingine alikimbia upepo usimpige.

Ila nieleweke. Mzee angemtukana binti kwa uanamke wake, pasingekuwa na dirisha la pili la kutafuta. Ubaguzi kazini umepingwa na Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani tangu 1958, na unyanyasaji na Namba 190 wa 2019. Hayo ni ya nidhamu. Kumketisha aliyetukanwa na mtukanaji ati wapatane ni kumtukana tena.

Ninachowaomba maofisa utumishi ni kidogo: kabla ya kikao, msikilizeni kila mmoja peke yake. Dereva wetu hakutumia hata nusu saa, na hakushuka kwenye foklifti.

Karani wa ghala mstaafu